AFYA YA JAMAA: Sauti ikikauka wiki tatu, usikae nayo



Mwezi huu tunaongea juu ya ugonjwa ambao kwetu watu wengi wanautambua wakati umekwisha kukomaa: kanseri ya kichwa na shingo. Tukisema vile hatusemi kanseri ya ubongo. Tunasema ile inayoshika kinywa na ulimi, pua na nafasi iliyo nyuma ya pua, koo, sanduku la sauti, na mara zingine tezi za mate. Tutaongea pia juu ya chombo kimoja chembamba, endoskopi, ambacho kinamsaidia muganga kuona fasi ambazo macho peke yake hayafiki.

Lakini tuanze na habari moja.

Baba ya Mapasa

Baba moja wa huku Nzilo tutamwita Baba ya Mapasa. Alifanya kazi miaka mingi katika chumba ambamo shaba inatolewa kwa asidi na umeme. Alikuwa na sauti nzito, na katika kwaya waimbaji wa sauti ya chini walikuwa wanamfuata yeye. Alivuta sigara tangu ujana, na siku ya posho hakukosa kikombe cha lutuku.

Mwaka moja, katika baridi ya mwezi wa sita, sauti ikamkauka. Bibi yake akamuuliza:

– Baba, sauti yako iko namna gani?

– Haina kitu. Ni vumbi na baridi tu.

Akakunywa tangawizi na asali. Mwezi ukapita. Akaenda kununua vidonge kwa muuza dawa, akanunua tena mara ya pili, kisha siro ya kikohozi. Mwezi wa ine, kikatokea kivimbe ku shingo, kigumu, bila maumivu. Katika zahanati moja wakasema pengine ni kifua kikuu, wakamwanzishia dawa bila kupima makohozi na bila kutia sindano katika kile kivimbe. Jirani naye akasema: "Ile si ya lupitalo. Kuko mutu alimutupia kitu." Basi wakapoteza tena wiki nyingi na makuta mengi kwa watu wa kufunua siri.

Mwezi wa kumi, bukari haikupita tena bila maji. Usiku pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi. Ndipo ndugu zake wakamtia katika gari, wakafanya kilometa zaidi ya mia tatu mpaka Lubumbashi. Kule, daktari wa masikio, pua na koo (ule tunaita O.R.L.) akampitishia kamba nyembamba yenye taa katika pua. Dakika tano. Kwenye kioo cha televisheni, bibi yake mwenyewe akaona: upande moja wa sanduku la sauti kulikuwa kitu kama kichwa cha koliflawa.

Mama yule alitwambia neno ambalo hatutalisahau: "Miezi kumi tulikuwa tunatafuta kitu, na kiliweza kuonekana kwa dakika tano."

Baba ya Mapasa iko mzima mpaka leo, tumshukuru Mungu. Lakini iliomba kuondoa sanduku lote la sauti. Anapumua kwa tundu ku shingo, na anaongea kwa kuandika katika kaye ya mtoto wake. Kwenye mazoezi ya kwaya bado anafika. Anakaa na wale wa sauti ya chini, anawafungulia kurasa.

Ugonjwa huu unatoka wapi?

Hatuna haki ya kumwambia mgonjwa "umejitakia". Kuko wanaougua bila kuvuta hata sigara moja. Lakini mambo yanayoleta kanseri hii yanajulikana, na tunapashwa kuyasema.

La kwanza ni tumbako, ya kuvuta, ya kutafuna na ya kunusa. La pili ni pombe, zaidi ile kali. Tena mbili hizi zikikutana, hatari haijumlishwi tu, inazidishwa. Mutu anayevuta na kunywa sana iko katika hatari kubwa kupita yule anayefanya moja tu.

La tatu ni virusi. Virusi moja ya jamii ya HPV, namba 16, ndiyo ile ile inayoleta kanseri ya mlango wa tumbo la uzazi kwa mama zetu, na inaweza kushika pia koo, upande wa mafindofindo na mzizi wa ulimi. Virusi nyingine, inayoitwa Epstein-Barr, inahusika na kanseri ya nyuma ya pua, ambayo inaweza kushika hata vijana. Wenye virusi vya ukimwi nao wapashwa kuwa macho zaidi.

La ine linatuhusu sisi watu wa shaba. Mwaka 1992, Shirika la Kimataifa la Utafiti juu ya Kanseri, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisema wazi kwamba mvuke wa asidi kali, kama ile asidi ya sulfuriki, unaleta kanseri kwa wafanyakazi wanaoupumua. Mwaka 2012 shirika hilo likathibitisha: fasi inayoshikwa ni sanduku la sauti. Sasa, wafanyakazi wa viwanda vyetu wanajua kazi inavyokwenda. Jiwe linayeyushwa katika asidi, kisha umeme, ule ule wa baraji zetu kama Nzilo, unapitishwa katika vidimbwi ili shaba ishike ku bamba. Wakati ule vipovu vya hewa vinapanda na kupasuka juu ya maji, na kila kipovu kinatupa matone madogo ya asidi hewani. Yule anayekohoa na kusikia meno yakimuuma akiingia pale anayajua matone yale.

Mbele ya mambo haya kuko dawa za kiwanda. Vidimbwi vinaweza kufunikwa kwa vipira vya plastiki au povu la kuzuia mvuke. Kuko mashine za kuvuta hewa chafu. Kuko barakoa za kweli zenye chujio ya asidi, si kitambaa cha kufunga mdomo. Wafanyakazi wana haki ya kuziomba, na wajumbe wao wana haki ya kuuliza chujio ilibadilishwa lini.

Na vumbi ya kobalti je? Mwaka 2022 shirika lile lile liliweka kobalti katika vitu ambavyo huenda vinaleta kanseri kwa binadamu. Hapo neno si la hakika kama lile la mvuke wa asidi, na hawakusema ni kanseri ya koo. Tusiongeze juu ya yale yaliyosemwa. Lakini vumbi haikufanywa kwa mapafu ya mutu. Mwenye kuchimba na mwenye kuosha mawe wajikinge.

Endoskopi ni nini?

Sanduku la sauti liko chini ya mzizi wa ulimi, katika giza. Mutu akifungua kinywa "aaa" mbele ya muganga, linabaki limefichika. Ndiyo maana watu wengi wanaambiwa "koo yako haina kitu", na ni kweli kwa sehemu inayoonekana tu.

Wa kwanza kuona vizuri nyuzi za sauti zikicheza katika mutu mzima hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania, jina lake Manuel García. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha muganga wa meno, akakitia nyuma ya kinywa chake mwenyewe, na kwa kioo cha pili akaelekeza mwangaza wa jua ndani. Akaona nyuzi zake mbili nyeupe zinafunguka na kufungika. Mwaka 1855 habari yake ilisomwa mbele ya wataalamu wa London. Tangu wakati ule madaktari wakashika kioo, na mpaka leo daktari wa koo asiye na mashine anaweza kuangalia kwa kioo na taa ya kichwa. Msikidharau kile kioo.

Kisha mwaka 1957, daktari moja mzaliwa wa Afrika ya Kusini, Basil Hirschowitz, akiwa Marekani, pamoja na wenzake wakatengeneza kamba ya nyuzi za vioo zinazokunjika, zinazopitisha mwangaza hata fasi penye kona. Ilikuwa ya kuangalia tumbo, na wa kwanza kuimeza alikuwa yeye mwenyewe. Kutoka pale zikatoka kamba nyembamba zaidi za pua na koo. Siku hizi nyingi zina kamera ndogo ku ncha. Zingine zina taa ya buluu na kijani, ambayo inaonyesha vizuri mishipa midogo ya damu chini ya ngozi ya koo. Kanseri ikianza, mishipa ile inabadilika sura mbele kivimbe hakijatokea.

Wanafanya namna gani?

Watu wanaogopa kitu wasichokijua, basi tueleze hatua kwa hatua.

Unakaa ku kiti. Hakuna kulazwa, hakuna kisu. Muganga anatia dawa katika pua, ya kufungua na ya kuua maumivu. Unasikia uchungu wake ukishuka mpaka koo. Anangoja kidogo. Kisha anapitisha kamba, nene kama milimita tatu au ine tu, polepole, kwa pua. Machozi yanaweza kutoka, unaweza kupiga chafya, lakini si maumivu ya kupiga kelele. Anaangalia nyuma ya pua, mafindofindo, mzizi wa ulimi, kisha nyuzi za sauti. Atakwambia: "Sema iii. Meza mate. Toa ulimi." Unapumua kama kawaida. Dakika chache, imekwisha. Usikule wala kukunywa karibu saa moja, mpaka koo irudie kusikia, juu chakula kisije kukupitia vibaya.

Ukiona wanachukua kamba kutoka kwa mgonjwa mwingine, uliza kwa heshima: "Dokta, imekwisha kusafishwa katika dawa?" Muganga mzuri hatakasirika.

Akiona kitu asichopenda, haimaanishi umekufa. Ataomba siku nyingine ya kukulaza usingizi na kukata kipande kidogo cha nyama. Kipande kile kinaangaliwa chini ya mikroskopi. Ni pale tu ndipo neno kanseri linasemwa au linakataliwa.

Alama za kutosubiri

Kata ukurasa huu, uubandike nyumbani. Moja ya alama hizi ikipita wiki tatu, enda:

1. Sauti imekauka na hairudi.
2. Kidonda katika kinywa au ku ulimi hakiponi, au kuko alama nyeupe ao nyekundu isiyotoka.
3. Kivimbe ku shingo, hata kama hakiumi. Zaidi kama hakiumi!
4. Chakula kinakwama, au kumeza kunauma.
5. Sikio moja linauma, na muganga hakuti kitu ndani yake.
6. Tundu moja la pua limefunga au linatoa damu mara kwa mara.
7. Jino linalegea bila sababu, au mutu anakonda bila kujua juu ya nini.

Lakini pumzi ikianza kupiga mluzi, usihesabu wiki. Enda lupitalo siku ile ile.

Wengi wenye alama hizi hawana kanseri. Mwalimu, mhubiri na mwimbaji wanapata vinundu ku nyuzi za sauti juu ya kupaza sauti. Asidi ya tumbo inaweza kupanda na kuchoma koo usiku. Kifua kikuu nacho kinashika sanduku la sauti na tezi za shingo, na kwetu watu wa migodi kiko kingi. Sababu hiyo tunasema: makohozi yapimwe, kivimbe kitiwe sindano, koo iangaliwe. Dawa za kifua kikuu ni nzuri kwa kifua kikuu, lakini hazifai kuwa njia ya kubahatisha.

Kwa nini haraka? Kanseri ya nyuzi za sauti ikikutwa ingali ndogo, kati ya watu kumi, nane hata tisa wanapona wakitunzwa vizuri, na wengi wanabaki na sauti yao. Ikishuka katika tezi za shingo, hesabu ile inaanguka sana. Tena kansa iliyokomaa inaomba mashine za miali. Zambia ilifungua hospitali yake ya kanseri Lusaka mwaka 2007, na Tanzania ina Ocean Road kule Dar es Salaam. Safari ile ni nzito kwa jamaa ya mfanyakazi. Kivimbe kidogo kinaweza kuisha kwa upasuaji mdogo tu.

Taa na kioo vya nyumbani

Kwa kinywa, hauhitaji endoskopi. Kule Kerala, India, kuanzia mwaka 1996, wahudumu waliofundishwa walipita nyumba kwa nyumba, wakiangalia vinywa vya watu kwa macho na taa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: kati ya wenye kutumia tumbako au pombe, vifo vya kanseri ya kinywa vilipungua karibu theluthi moja.

Basi mara moja kwa mwezi simama mbele ya kioo na torshi. Toa meno ya bandia kama unayo. Angalia midomo kwa ndani, mashavu, ufizi, juu ya kinywa. Inua ulimi, angalia chini yake na pembeni. Papasa shingo yako pande mbili kwa vidole. Mama amfanyie baba, baba amfanyie mama.

Kamera si Mungu

Tusiwadanganye. Kamera haioni chini ya ngozi. Mkono wa muganga unapashwa kupapasa shingo pia. Na jibu la kwanza linaweza kukosea. Mwaka 1887, mwana wa mfalme wa Ujerumani, Friedrich, alikaukiwa na sauti. Madaktari wakubwa wa Ulaya wakamwangalia kwa kioo, wakakata vipande, mtaalamu mkubwa wa mikroskopi akasema haoni kanseri. Wakabishana miezi na miezi. Mwezi wa kumi na moja ikaonekana wazi kwamba ni kanseri. Mwaka 1888 akawa kaisari, akatawala siku 99 tu, akafa tarehe 15 mwezi wa sita. Mali yote ya ufalme haikumrudishia muda uliopotea. Fundisho ni hili: wakikwambia "hakuna kitu", na sauti hairudi, rudia kule. Si matusi kwa muganga.

Tena hatusemi kila mutu mzima aende kupitishiwa kamba. Wenye kupashwa kwenda ni wenye alama. Na wale wenye hatari kubwa, yaani wavutaji wa miaka mingi, wanywaji wa pombe kali na wafanyakazi wa mvuke wa asidi, waongee na muganga wao hata mbele alama hazijatokea.

Kuko mfano wa jirani. Katika lupitalo ya misioni ya Tenwek, Kenya, fasi kanseri ya njia ya chakula iko nyingi, waganga walipitisha endoskopi kwa watu waliojiona wazima, wakipaka dawa ya yodi ndani. Zaidi ya mutu moja kati ya kumi alikutwa na ngozi iliyoanza kubadilika. Mambo haya yanaweza kufanyika Afrika, kama kuko mutu aliyefundishwa na chombo kinachotunzwa.

Maulizo yenu

*"Zahanati yetu haina mashine hiyo. Nifanye nini?"* (Mama moja wa kambi)

Mama, omba barua ya kukutuma kwa daktari wa O.R.L., Kolwezi au Lubumbashi. Katika barua waandike tangu lini sauti imekauka, kazi ya mgonjwa, na kama anavuta. Ukiwa na bwana mfanyakazi, uliza kwanza kwa muganga wa kiwanda.

*"Makuta yatatoka wapi?"* (Kijana wa kuchimba)

Ndugu, hesabu kwanza makuta ya siro, ya vidonge na ya kubahatisha kwa miezi sita. Mara nyingi yanatosha nauli na uchunguzi. Likelemba ya jamaa na ya kikundi ingefaa kuanza kwa kazi hii, kuliko kungoja ya matanga.

*"Wanasema kilimi kikikatwa, koo inapona."* (Bibi wa kijijini)

Hapana, mama. Kukata kilimi hakuponyeshi sauti wala kanseri. Kunaleta damu na vidonda, na kunakula muda.

Kwa kumaliza

Baba ya Mapasa ana mdogo wake, aliyefanya naye kazi katika chumba kile kile. Mwaka uliofuata naye sauti ikamkauka. Wiki ya ine ilimkuta ku kiti cha daktari. Wakaona alama ndogo nyeupe ku uzi moja wa sauti. Wakaiondoa, wakaipima: ilikuwa haijageuka kanseri. Aliacha sigara siku ile, na kila miezi michache anarudi kuangaliwa.

Ni kaka yake aliyemsukuma. Aliandika katika ile kaye, kwa herufi kubwa: ENDA KESHO.

Nasi tunawaambia neno hilo hilo. Tuonane mwezi ujao.